Waliosajiliwa Ukutani

Jumanne ya kwanza ya Julai, katikati ya majira ya baridi ya huko, saa tatu asubuhi, Lupe alipiga magoti kwenye zulia la sebule ya Makareta, kusini mwa mji wa Invercargill, akakata mdomo wa paipu ya shaba iliyokuwa ikichungulia ukutani. Nje barafu ilikuwa bado nyeupe juu ya nyasi, na ndani, kusema kweli, hakukuwa na tofauti kubwa. Makareta alikuwa jikoni kwake amevaa koti na kofia ya sufu, akichemsha titi, ndege wa baharini waliohifadhiwa kwa chumvi, katika maji ya kwanza ya kuitoa chumvi, na ile harufu ya mafuta na chumvi ya bahari ilikuwa imefika mpaka mlango wa mbele.

Lupe alikuwa fundi wa pampu za joto, Msamoa wa mabega mapana, mwaka wake wa kumi na moja kazini. Mashine moja hukaa nje, moja ukutani ndani, na kati yao hupita paipu mbili za shaba zenye gesi. Gesi huokota joto huko nje, hata siku ya barafu, ikalileta ndani. Ukiharibu paipu umeharibu yote, na Lupe alikuwa amelisema hilo kwa watu wengi waliokuwa wakitazama saa.

Karatasi ya kazi ilisema: mashine mpya, tumia paipu zilizopo. Mashine ya zamani ilikuwa imekufa tangu majira mawili ya baridi yaliyopita. Mwenye nyumba aliiacha vivyo hivyo, mpaka sheria ilipomtaka kila mwenye nyumba ya kupangisha aweke joto sebuleni.

Na mashine hii ilikuwa na mtu anayeisubiri. Mereana, mjukuu wa Makareta, mwenye miaka sita, alikuwa amelazwa kwa mara ya tatu tangu Aprili, mapafu. Daktari hakuzunguka. Mtoto atatoka Ijumaa, alisema, lakini akirudi tena kwenye baridi na ukungu mweusi wa ukutani, asiahidiwe mtu chochote kuhusu mapafu yale.

Lupe alichungulia ndani ya paipu kwa tochi, akampigia bosi wake.

"Murray, hizi ni paipu za gesi ya zamani. Hii mpya ina presha kubwa zaidi, tena inashika moto. Na ndani kuna mafuta machafu. Nizing'oe?"

"Mwenye nyumba hataki ukuta uguswe."

"Basi nipitishe mpya kwa nje. Rola ya paipu za shaba ninayo kwenye gari. Kazi ya saa mbili."

"Hataki paipu zionekane kwa mbele. Lupe, dada yangu, umetumwa kufunga mashine, hukutumwa kuposa."

Lupe akafanya kama ilivyoandikwa, ila alifanya sawasawa. Alikwangua makali ya paipu huku mdomo wake umeangalia chini, ili unga wa shaba usiingie ndani. Akaingiza nati kwanza ndipo akatanua mdomo, maana hakuna fundi ambaye hajawahi kutanua mdomo vizuri kabisa kisha akaiona nati imekaa mezani inamtazama. Akapaka tone la mafuta, akakaza kwa spana yenye kipimo mpaka ikalia tak, wala hakuongeza nguvu, kwa sababu ukizidisha shaba inapasuka. Halafu akafungulia naitrojeni, gesi ya kupimia uvujaji, taratibu, akafunga valvu, akakaa kusubiri. Kanuni ni moja tu: sindano ya geji isisogee.

Ikasogea. Lupe akachukua brashi na maji ya sabuni. Viungo vyake mwenyewe vilikuwa vikavu. Lakini pale paipu inapoingia ukutani palikuwa na kiungo cha zamani, kazi ya mtu mwingine mwenye haraka, na hapo povu likaanza kufura.

Povu la kwanza lilipopasuka lilikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamume, kikavu, cha mtu wa sigara. Lupe akapangusa, akapaka tena. La pili lilikohoa kama mwanamke aliyejizuia muda mrefu. La tatu lilikuwa dogo, likakohoa mara tatu mfululizo, kikohozi chembamba cha mtoto mchanga. Lupe alitazama geji, akaandika namba kwenye daftari lake na saa aliyoisoma.

Makareta akaja na chai. Alisimama nyuma ya fundi na kikombe mkononi mpaka povu la nne likapasuka. Hilo lilikohoa na kumalizia kwa mluzi mwembamba.

"Huyo mjukuu wangu," alisema. "Huo mluzi wa mwishoni ndio wake. Sukari vijiko vingapi?"

"Viwili, Anti. Na hawa wengine?"

"Hao wamenitangulia kupanga hapa. Muulize Ailsa."

Ailsa alikuwa jirani, bibi wa kizungu mwenye miaka themanini na mbili, aliyeishi nyumba ya pili kwa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa tayari anavuka uzio, ameifuata harufu ya titi, na mkononi ana sahani ya mikate ya kukunja yenye jibini ili asionekane amekuja mikono mitupu. Akaketi, akasikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Huyo wa sigara ni Tipene," alisema. "Alikuwa kiwanda cha nyama. Alikaa hapa majira manne ya baridi, akatoka kwa machela. Huyo mwanamke ni Shona, alihama na pafu moja na nusu."

"Na huyu mdogo?"

"Huyo hakukaa sana." Ailsa akaweka kikombe chini. "Wiki saba. Sijui kama waliwahi kumpa jina."

Povu likaendelea na kazi yake.

Saa sita akaja Bronwyn, wakala wa mwenye nyumba, na kishikwambi chake kifuani. Hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo linalonichoma zaidi. Mtu mbaya ungemtukana ukalala usingizi wako. Alipiga magoti na suruali yake safi, akasikiliza vikohozi vinne kwa adabu.

"Kukohoa si kuvuja," alisema.

"Inavuja. Geji hii hapa."

"Mimi geji siijui."

"Ndiyo maana naijua mimi, kwa niaba yako."

"Kanuni inasema sebule iwe na mashine ya joto. Haikusema isikohoe."

Lupe akaandika kwenye karatasi ya kazi, kwa herufi kubwa: INAVUJA. PAIPU ZIBADILISHWE. Mahali pa sahihi akapaacha patupu. Murray alipiga simu mara mbili, na mara ya tatu akamwambia akusanye vyombo, kuna kazi nyingine inamsubiri.

"Anti," Lupe alimwambia Makareta mlangoni, "nikitoboa ukuta wa nje bila ruhusa, wananinyang'anya leseni."

"Najua, mwanangu."

Makareta alimfungashia titi wawili kwenye kopo la aiskrimu. Lupe akaondoka na rola yake ya shaba nzima ndani ya gari, mita kumi na tano, zilizotosha na kubaki. Simlaumu. Kuna siku namlaumu.

Jumatano akaja fundi mwingine. Alikaa dakika arobaini. Naitrojeni hakuigusa, na pampu ya kuvuta hewa haikushuka hata garini. Alifungulia gesi kidogo isukume hewa nje, ujanja wa kizamani unaoacha unyevu ndani ya paipu, akasikia kiungo kinakohoa, akaongeza sauti ya redio. Kisha akatia sahihi. Bronwyn akabandika nakala ya karatasi jikoni, kando ya friji, iliyosema nyumba ina joto.

Ijumaa Mereana akarudi. Kwa siku tatu mashine ilifanya kazi, na siku ya pili mtoto alivua soksi mwenyewe. Makareta aliziona zile soksi mbili katikati ya zulia, akaziacha palepale mpaka jioni, akawa anazizunguka anapopita. Jumatatu upepo wa mashine ukawa vuguvugu. Jumatano ukawa baridi, maana gesi ilikuwa imekwenda zake, na kupitia matundu ya mashine vikaanza kutoka vikohozi tu. Makareta akapiga simu ofisini. Akajibiwa kwamba mashine ni mpya, na karatasi yake ina sahihi.

Tunasema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Huyu wetu aliishi kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, katika nyumba ambayo hata sakafu yake ina joto. Mlango wenyewe hakuwahi kuusikia hata siku moja.

Makareta alikisogeza kitanda cha mjukuu wake jikoni, akaacha mlango wa oveni wazi. Mereana hakuwaogopa wenzake wa ukutani. Aliwajua kwa zamu. Tipene alikohoa asubuhi, Shona wakati wa kuosha vyombo, na yule mchanga kila mvua ilipokaribia. Kwa kuwa hakuwa na jina, Mereana alimwita Pipi, kama wale kome wadogo wanaochimbwa mchangani. Kikohozi chake mwenyewe kilipotoka ukutani alikijibu kwa kile cha kifuani, na kwa muda walipokezana hivyo, mpaka bibi yake akawaambia wote wawili wanyamaze, wale chakula.

Wiki ya tatu Bronwyn akaja kukagua. Alisimama sebuleni akihesabu vikohozi kwa vidole, na baada ya siku nne ikaja barua. Mkataba, ilisema barua, ni wa watu wawili. Ukaguzi umebaini wakazi watano. Mpangaji anatakiwa ndani ya siku kumi na nne kuwasilisha majina ya wote wanaoishi humo.

"Wamewasikia," Makareta alisema.

"Wamewahesabu," Ailsa alisema. "Si kitu kimoja."

"Wakiona majina wataelewa. Mtu huwezi kusoma jina la mtoto wa wiki saba ukageuza ukurasa."

Ailsa alikuwa ameishi miaka themanini na mbili, kwa hiyo alikwenda kutafuta kalamu. Alivaa miwani, wakakaa na fomu kwenye meza ya jikoni. Makareta aliandika kwa mwandiko wake wa shule, polepole. Makareta. Mereana. Tipene, aliyetoka kwa machela. Shona, pafu moja na nusu. Penye jina la tano Mereana aliomba kalamu, akaandika mwenyewe PIPI, na herufi ya mwisho ikatoka nje ya kisanduku. Makareta akaambatisha barua ya daktari na namba za geji ambazo Lupe alikuwa amemtumia. Akaipeleka ofisini kwa mkono, akasubiri mpaka akaona imegongwa muhuri.

Jibu halikukawia. Ofisi ilimshukuru kwa ushirikiano. Watu watano wanaruhusiwa katika nyumba ya vyumba vitatu, hivyo majina yote yamesajiliwa na suala limefungwa. Kuhusu unyevu na ukungu, ofisi ilieleza kwamba vinasababishwa na wingi wa watu wanaopumua ndani. Mpangaji anashauriwa kufungua madirisha.

Makareta aliisoma barua ile akiwa amesimama. Aliisoma mara ya pili. Kisha akaosha vikombe vyote vya nyumba, vilivyokuwa visafi, akivigonga kwenye sinki mpaka kimoja kikavunjika mkono. Alitukana kwa lugha zake zote mbili, na tusi la mwisho Ailsa alilisikia kutoka upande wa pili wa uzio, akaitikia.

Mwishoni mwa Agosti, Jumatatu asubuhi, midomo ya Mereana ikawa ya buluu, gari la wagonjwa likamchukua. Daktari alikuwa yuleyule. Alimtazama Makareta, akaandika kwamba mtoto hatatoka mpaka kuwe na nyumba yenye joto ya kumpeleka.

Alhamisi ilikuwa siku ya ukaguzi. Bronwyn alifika saa nne kamili na orodha, akafuta viatu, akasimama chini ya mashine. Siku hizi kazi hii ilimchukua dakika chache, kwa kuwa majina anayo.

"Makareta," alisema.

"Si unaniona."

Akatia alama. Alisubiri. Tipene akakohoa, akapata alama yake. Shona akafuata. Nje mawingu yalikuwa yanakusanyika, kwa hiyo Pipi hakuchelewa.

"Mereana?"

"Yuko hospitali," Makareta alisema. "Tangu Jumatatu. Yuko kwenye oksijeni. Daktari hamruhusu arudi kwa sababu ya hilo dude lenu hapo juu ya kichwa chako."

Ukutani kikatoka kikohozi kidogo, na mwishoni mwake mluzi.

"Nimemsikia," Bronwyn alisema kwa upole, akaandika: yupo.

Akasema nyumba iko vizuri. Akakumbusha kuhusu madirisha. Makareta alingoja mpaka gari lake likate kona, akachukua mfuko wenye soksi na nguo za kulalia za mtoto, akafungua dirisha la sebuleni kama alivyoagizwa, akaenda kusubiri basi la hospitali.