Aliyekataa Kuitwa Jane

"Mkalimani, sikusema hivyo."

Miaka thelathini na tisa imepita, nimefanya kazi nyingine chungu nzima tangu waliponifukuza pale, na bado sauti hiyo hunijia nikiwa nanyoa ndevu, wembe ukasimama shavuni. Korti ya vipande, vile vibali vya Mwafrika kukaa mjini, pale Langa, Cape Town, haikuwahi kusikia mtu akimkosoa mkalimani, sembuse mama mpishi aliyevaa koti la kuazima.

Asubuhi ile nilimkuta koridoni, kwenye foleni ya washtakiwa. Akaniamkia, kisha akauliza, "Wewe ni wa ukoo gani, kaka?" Kwetu Waxhosa mazungumzo huanzia hapo; mtu ukimheshimu unamwita kwa ukoo wake. Lakini mimi nilikuwa na tai mpya.

"Hapa mimi ni mkalimani tu, mama. Sasa nisikilize. Hakimu akikuuliza kama wewe ni Jane, sema ndiyo. Sema kipande umekisahau nyumbani, unaomba radhi. Atakuonya, utarudi kwa mumeo. Ukileta ubishi utafungwa, halafu utapakiwa kwenye treni ya kurudishwa mashambani Transkei, na Cape Town hutaiona tena."

"Nina mtoto ananyonya," alisema.

"Basi sema ndiyo."

Jane ni jina alilobandikwa na bibi wa Kizungu aliyemwajiri ampikie, kwa sababu jina lake halisi lilimshinda kutamka. Wakaliandika hivyo hivyo kwenye kipande. Jumatatu moja karani aliita Jane, wakasimama akina mama watano, hakimu akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nami nilicheka. Mungu anisamehe.

Kesi zetu zilichukua dakika mbili tu kila moja. "Wewe ndiye Jane?" hakimu aliuliza, nikatafsiri.

"Simjui Jane," alijibu kwa Kixhosa, bila kupandisha sauti. "Mimi ni Nomgqibelo. Mwambie akitaka kunihukumu, anihukumu kwa jina langu."

Jamani! Nilimgeukia hakimu nikafanya kile sisi wakalimani tulichozoea kufanya, tukakiita kupoza maneno. "Anasema ndiyo, mheshimiwa."

Hapo ndipo aliponikosoa, tena kwa Kiingereza, kila mtu akasikia. Miaka kumi na minne alikuwa akiwapakulia chakula Wazungu walioongea kana kwamba hayupo, na kumbe alikuwa anasikiliza.

Hakimu akanikazia macho. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na nyumba iliyotokana na kazi ile. Nikamtazama yule mama. Mikono yake ilitulia kizimbani, usoni hana hofu wala chuki, na nakwambia sijapata kumwona mtu mkubwa kama yule mpaka leo. Nikatafsiri upya, neno kwa neno.

Hakimu akajaribu jina. Ile gq ya katikati hugongwa kwa ulimi kwenye kaakaa, ikalia kama kizibo kinachong'oka chupani. Akajaribu, akakohoa, akajaribu tena. Mama akalirudia taratibu, jinsi mtoto anavyofundishwa kusema maji.

"Angalia asipaliwe!" mtu alinong'ona nyuma, na benchi zima likaziba midomo kwa viganja.

Siku thelathini jela, kisha treni. Hakimu hakuliweza jina lake, akaiacha hukumu ile bila jina lolote. Yule mama hakushtuka. Adhabu ile aliijua tangu koridoni.

Askari alipompitisha mbele yangu nilimshika mkono wa koti. "Mama, mimi ni wa ukoo wa Bhele."

Akasimama. Machozi yalimlenga kwa mara ya kwanza siku ile. "Si ungeanza na hilo, Bhele," alisema. "Nenda kamwambie mume wangu amzoeze mtoto uji."

Wakamshusha ngazi. Karani akaita, "Annie!" na mwanamke mwembamba akainuka polepole kutoka benchi la nyuma. Hakimu alifungua mdomo, lakini nikamtangulia.

"Mama," nikamwuliza, "jina lako nani?"