Chai ya Mwenyekiti

Katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya Zagayu, kila mtu alishuhudia neema aliyoipata wiki ile, kisha tukanywa chai. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kuingia vijijini, aliyeshuhudia kuliko wote alikuwa Anatoli, wakala wao na mwenyekiti wetu. Mungu alimpa pikapu. Mungu alimpa bati. Pamba yetu ikikaushwa na jua, yeye alisimama mbele yetu akisema, "Ndugu zangu, neema iko huria kama soko." Nilisali nisimdharau. Sala hiyo bado haijajibiwa.

Jumamosi ile jumuiya ilikutana kwangu. Nilisimama na mjukuu wangu mgongoni. Mama yake, binti yangu Joyness, alifariki akimzaa, nami sikuwa na cha kumpa ila uji mwepesi.

"Niliomba maziwa," nikasema. "Asubuhi Mhoja akaniletea ng'ombe aliyezaa. Akasema, 'Kamua, mayu, mama yangu. Mtoto akikua utamrudisha.' Namshukuru Mungu."

Mhoja ni mfugaji, jirani yangu. Anatambikia babu zake, na kanisani hajawahi kuingia.

"Mama Joyness, huo ni mtego," Anatoli akasema. "Maziwa ya mizimu! Mrudishe ng'ombe huyo, la sivyo jumuiya haitampitisha mtoto kwa ubatizo."

"Atakunywa nini?"

"Mtegemee Bwana."

"Wewe unao watatu wanaokamuliwa. Niazime mmoja, nimtegemee Bwana kwako."

Akakohoa. "Wale maziwa yao yana wateja Bariadi mjini."

Felisita, jirani yangu mwingine, akacheka ndani ya kanga. "Mayu, unakamua jiwe!"

Nikamimina chai. Wote niliwapa ya maziwa, nzito, ambayo mwaka ule wa ukame wengi walikuwa wameisahau. Anatoli nikampa ya rangi.

"Yako nimeitenga, mwenyekiti. Nisikutie mtegoni."

Felisita akanywa, akajifuta midomo. "Anayetaka mtoto abatizwe, ainue kikombe."

Vikombe vyote vikainuka, isipokuwa kimoja. Anatoli alitazama huku na huku, akatazama sufuria. Kisha naye akanyoosha mkono.

"Abatizwe," akasema. "Ila niongezee maziwa kidogo, mama."

Nikamwongezea. Mungu habagui anapogawa neema. Ningekuwa mimi, ningebagua.