Sauti Kutoka Kibandani

Mimi si mtu wa kumsifia dada yangu. Nyumbani tunamwita Redio kwa sababu tangu utotoni hajui kunyamaza, na nimelala naye chumba kimoja muda wa kutosha kuutafuta ufunguo wa kumzimia. Lakini wiki ile ya tamasha la kimataifa la filamu za watoto na vijana, nilipoiacha cherehani yangu nikaenda kushika mlango wa ukumbi mdogo, nilimwona akiwa kazini. Nilishika adabu.

Filamu zilitoka kila pembe ya dunia, kila moja na lugha yake. Wakubwa wanajisomea maandishi ya chini, lakini mtoto wa darasa la kwanza bado anahangaika na silabi ya mwanzo, maandishi yameshaondoka. Kwa hiyo Redio anakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, karatasi mbele, maiki mdomoni, anasoma kwa Kiswahili kila kinachosemwa, papo hapo, filamu ikiendelea. Baba ni yeye, bibi ni yeye, polisi ni yeye. Wala haigizi. Anamwacha mtu wa kwenye filamu aanze, halafu anaingia nyuma yake kwa sauti ya chini na kumaliza pamoja naye. Baada ya muda mfupi unasahau kwamba kuna mtu anasoma. Unaweza kuapa kwamba yule mzee wa nchi ya barafu kazaliwa mtaa wa pili.

Katikati ya wiki akaja mgeni, binti mwembamba ndani ya koti kubwa, ambaye filamu aliyoiongoza ilikuwa inashindania tuzo ya watoto. Alisimama mbele ya kibanda na mkalimani wake, akasema bila kuzunguka kwamba hataki filamu yake isomwe.

"Anasema alimtafuta sana mtoto wa kuigiza, mwenye sauti ile," mkalimani akaeleza. "Anaogopa sauti ya mtu mzima itamfunika."

"Mwambie namwelewa," Redio akasema. "Lakini wadogo hawajui kusoma. Bila mimi watakaa humu wakichezea kamba za viatu."

Binti akafikiri, akatoa sharti. Kesho asubuhi Redio asome. Akiharibu, maonyesho ya jioni yatakuwa na maandishi tu, na wale wadogo waliopangiwa jioni wasiletwe.

"Ningekuwa mimi, ningemwambia akajisomee mwenyewe," nikasema walipoondoka.

"Ndiyo maana wewe unashona," Redio akanijibu.

Jioni ile alikaa sebuleni na nakala ya filamu, akamfuata yule mtoto pumzi kwa pumzi: anapomeza mate, anaponuna, anapocheka kabla hajamaliza neno. Mwisho wa filamu tu ndio hakuusoma kwa sauti. Alisema koo linataka kupumzika, nami nikamwamini.

Asubuhi ukumbi ulijaa watoto mpaka kelele zikawa zinatoka kwenye viti vyenyewe. Mwenye filamu alikaa safu ya nyuma, mikono kifuani, kauvaa uso wa msimamizi wa mtihani. Taa zikazimwa.

Filamu ilimhusu msichana anayelelewa na mama yake mdogo, kwa sababu mama mzazi anafanya kazi nchi ya mbali. Wanaongea kwa simu. Kila simu mama anaahidi kuja, na kila simu mtoto anamsimulia jino lililong'oka. Watoto wetu walicheka kwenye jino, wakakasirika kwenye ahadi. Wote, hata wa chekechea. Redio alikuwa amejikunja nyuma ya yule msichana, hafuniki hata pumzi moja. Nilimchungulia mwenye filamu. Mikono ilikuwa imeshuka magotini.

Basi ukafika mwisho. Mlango unabishwa, msichana anafungua. Nje kuna mwanamke na begi. Msichana anamtazama, halafu Redio akasoma, kwa sauti ndogo kabisa: "Shikamoo. Mama hayupo. Amesafiri."

Mwanamke akafumbua mdomo, akasema maneno kwa lugha yake. Maiki ilikuwa wazi, tuliisikia ikivuma. Redio hakusoma kitu.

Nikageuka kwenye kioo. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, neno halitoki. Kuruka mstari, kwa kazi ile, ni sawa na fundi kukabidhi gauni lisilo na mkono.

Ndipo mtoto mmoja wa safu za mbele akasimama juu ya kiti akapiga kelele: "Ndiye huyo!" Na wa pili: "Ndiye mama yako!" Mara ukumbi mzima, wakubwa kwa wadogo, wanampigia kelele yule msichana wa kwenye skrini: "Ndiye huyo! Ndiye mama yako!" Walipiga kelele mpaka taa zikawaka.

Mwenye filamu alikuja moja kwa moja kibandani, mkalimani nyuma yake.

"Anasema umeruka mstari."

"Nimeruka," Redio akasema. Hakujitetea, na kwake hilo si jambo dogo. "Ulinikwama kooni. Mimi pia nilisafiri kikazi, mwanangu akiwa bado ananyonya. Niliporudi alinifungulia mlango, nikamwuliza mama yuko wapi. Akaniambia yuko jikoni."

Aliyekuwa jikoni ni mimi. Hatukuwahi kulizungumza, hata siku moja. Nilimshika dada yangu bega, nikajikaza kisabuni, nikashindwa.

Mkalimani alitafsiri kwa sauti ya chini. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache.

"Anasema yule msichana aliyefungua mlango ni yeye," mkalimani akatuambia. "Na mama yake hakusema kitu. Alisimama tu na begi. Ule mstari aliutunga, kwa sababu alitamani angalau mtu mmoja pale mlangoni awe na la kusema."

Redio akafuta macho kwa karatasi yake ya kusomea. "Jioni niusome?"

Binti akatikisa kichwa. Jioni Redio asome filamu yote, ila pale anyamaze.

Jioni wadogo waliletwa, wakajaza viti mpaka nikawaketisha wengine sakafuni. Mlango wa kwenye filamu ulipofunguliwa, Redio alinyamaza kwa makusudi, na watoto wakalipuka kama wenzao wa asubuhi. Mwenye filamu alikuwa amesimama karibu yangu. Alikuwa amempigia mama yake simu, ameiinua juu kadiri mkono ulivyofika, ili kule aliko asikie.