Ndoo ya Barafu ya Bi Petrona

Asubuhi ile ya Januari, Nélida alimletea mama mkwe wake ndoo ya barafu hadi kitandani, akaitua juu ya kigoda.

"Haya mama, mikono."

"Mapema hivi?"

"Daktari wa ukaguzi wa umeme keshafika kwa Gauna, nyumba ya tatu. Tumbukiza."

Bi Petrona akatumbukiza mikono yote miwili. Baridi ikampanda mpaka kwapani. Nje, mtaa wa Barranqueras ulikuwa unatokota, hata mbwa walikuwa wamejilaza ndani ya mtaro.

Homa ya mapafu nusura imuue, miaka miwili nyuma. Alirudi kutoka hospitali na mashine ya oksijeni, ile inayonguruma kando ya mto wake mpaka leo. Wakati huo sheria ilikuwa imetoka: nyumba yenye mtu anayeishi kwa mashine isikatiwe umeme wala isitozwe. Mafundi wakavuta waya wa peke yake, wakabandika alama ya kijani kwenye mita. Mwanawe Rufino alipoitazama alama ile, hakuona ugonjwa, aliona biashara. Akaleta friza moja, ikafuata ya pili, sasa zilikuwa nne, zimepangwa sebuleni palipokuwa na meza ya kulia, chini ya picha ya marehemu baba yake. Umeme wa mtaa ukikatika, na kiangazi hicho ulikuwa ukikatika kila alasiri, watu walimiminika kwake kutafuta barafu ya tereré, ile chai ya majani ya yerba inayonywewa baridi kwa kibuyu. Huko mkoani kwao, Chaco, mtu atavumilia kukosa nyama mezani, lakini hatakunywa yerba yake na maji ya uvuguvugu.

Kasoro ilikuwa moja tu: Bi Petrona alipona. Tangu majira ya baridi alikuwa akipumua mwenyewe vizuri, mrija ukimkaa puani kwa ajili ya macho ya majirani. Na sasa bei ya umeme ilikuwa imepandishwa, mamlaka ikatoa kanuni mpya: kila mgonjwa akaguliwe na daktari kitandani kwake. Akionekana mzima, alama ing'olewe.

Bi Petrona asingekubali kumdanganya daktari kama si Obdulia, dada yake mkubwa, aliyekuwa mgonjwa taabani kule Empedrado, ng'ambo ya daraja. Tangu Krismasi alikuwa akituma salamu ile ile: njoo tunywe kibuyu kimoja cha mwisho. Rufino alikuwa ameapa mbele ya picha ya baba yake. "Ukaguzi ukipita tu, mama, siku hiyo hiyo nakupakia kwenye pikapu."

Basi Bi Petrona akaiacha mikono ndani ya barafu mpaka kucha zikawa za zambarau. Daktari alipobisha, Nélida aliisukuma ndoo chini ya kitanda, akamfuta mikono kwa aproni yake.

Daktari alikuwa binti kijana, jasho limemlowesha mgongo. Akambana kidole kwa kibanio chake cha kupimia hewa ya damu, akatazama namba, akakunja uso, akajaribu kidole kingine.

"Hewa iko chini. Na mikono baridi hivi, kwa joto hili! Bibi, unajisikiaje?"

"Naondoka kidogo kidogo, mwanangu," akasema Bi Petrona, na akakohoa kama walivyomfundisha.

Daktari akampapasa bega, akawageukia Nélida na Rufino. "Alama inabaki. Ila asitoke. Kanuni mpya inasema akilala nje hata usiku mmoja bila kibali, inang'olewa. Na mimi hupita tena bila taarifa, hata jioni ya siku ile ile."

Rufino akaitikia, "Sawa daktari," huku anatazama viatu vyake.

Mlango ulipofungwa, Bi Petrona aliung'oa mrija, akashusha miguu, akavuta kutoka chini ya mto shali yake na kifuko cha yerba.

"Haya, twende zetu. Daktari huyo atakuwa keshachoka, hatarudi leo."

Simu ya Rufino ikalia sebuleni, alikokuwa keshaanza kujaza magunia. Mikono yake ilikuwa imejaa barafu, akaipokea kwa kiwiko, sauti ikatoka kubwa. Alikuwa Ceferino, mtoto wa Obdulia.

"Kaka, barafu iko wapi? Ulisema alfajiri! Huku umeme hakuna tangu jana mchana, tangu mama alipokata roho. Kwa joto hili hatafika makaburini, kaka. Tayari tumefungua madirisha yote."

Rufino aliizima kwa kiwiko, lakini maneno yalikuwa yameshaingia chumbani. Bi Petrona alisimama mlangoni, shali mkononi.

"Jana mchana?"

"Tungekwambia ungekimbilia kule, mama," Nélida akasema. "Daktari angekuta kitanda kitupu."

"Na sasa? Si keshapita? Nipakie pamoja na magunia."

"Umemsikia mwenyewe, anarudi bila taarifa," Rufino akasema, wala hakupandisha sauti. "Mama mkubwa hana haraka tena. Mwenye haraka ni daktari. Lala, mama."

Akamshika bega, akamrudisha kitandani, akamvika mrija kwa mkono wake, akaukaza nyuma ya masikio. Mashine ikanguruma. Kisha akaanza kubeba magunia, akawa anapita mbele ya kitanda hicho kwenda kwenye pikapu, gunia baada ya gunia, sakafu ikilowa nyuma yake.

Lilipobaki la mwisho, Bi Petrona aliivuta ile ndoo kutoka chini ya kitanda. Akachagua bonge kubwa ambalo halijayeyuka, akalishika kwa viganja viwili mpaka vikafa ganzi.

"Hili," alimwambia mwanawe, "liwekeni upande wa miguu. Obdulia alikuwa akisikia joto sana miguuni."

Rufino akalitupia ndani ya gunia pamoja na mengine, akafunga kamba.