Nukta Kando ya Nyota

Mzee alikuja amevaa suti. Binti yake alimwona kupitia kioo cha mlango wa chumba cha picha, moyo ukamruka kwa furaha na woga kwa pamoja. Suti ile ya kijivu haikuwa imetoka kabatini tangu mazishi ya mama. Sasa ilimpwaya mabegani, lakini ilikuwa imepigwa pasi barabara, na viatu vinang'aa. Mtu huyu tangu afiwe hata chai alikuwa akibembelezwa anywe. Leo katoka nyumbani mwenyewe, asubuhi, bila kushikwa mkono.

Enzi zake kazini hapa, kwenye kituo cha kutazama nyota, walimwita Mzee wa Nukta. Katika picha moja ya chombo cha zamani, kile kinachofungwa kwenye darubini, aliona nukta hafifu kando ya nyota, akasema ni sayari. Wenzake wakasema ni mwanga wa nyota yenyewe, uliovuja pembeni mwa kisahani cha kuuziba. Wakabishana, wakachoka, mwishowe wakaanza kucheka. Akastaafu na nukta yake moyoni. Nyumbani ilitajwa kama mtoto wa kwanza aliyepotelea ughaibuni, ambaye ipo siku atabisha hodi. Binti alikua na huyo dada asiyeonekana. Akamwonea wivu kwanza, kisha akatamani kumwona kuliko baba mwenyewe alivyotamani.

Ndiyo maana akasomea kazi ileile, na chombo kilipofunguliwa kuboreshwa akakipa roho yake yote. Wakakitia kioo kipya chembamba, kinachojikunja kwa kasi kufuata mtikisiko wa hewa. Wakakitia kisahani kipya cha kuziba nyota, na kamera yenye kukamata mwanga ambao ile ya zamani ilikuwa ikiuacha upite tu. Kisha darubini ikaelekezwa kwenye nyota ya Mzee. Jana mchana, akiwa peke yake akizisafisha picha kwenye kompyuta, binti aliiona nukta. Palepale! Alilia kwa sauti, mtu mzima, peke yake chumbani.

Sasa, kazi ile ina mwiko. Kabla picha hazijamfikia mchambuzi, mwenzake hupandikiza ndani yake sayari za bandia, ili ijulikane kama macho yanaona au yanaota. Huambiwi zipo ngapi wala wapi. Mpaka mwenzako azitoe, ulichokiona hukitangazi, hata kwa mumeo. Binti aliujua mwiko huo kama anavyolijua jina lake. Akapiga simu hata hivyo.

"Baba, ipo."

Upande wa pili akamsikia mzee wa watu akipenga kamasi.

Mpandikizaji huyo wenzake walimwita Mchawi, kwa sababu ya kazi yake hiyo. Alipomwona mgeni akiingia, aliinuka kitini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona."

Mchawi akamgeukia binti. "Ulimwambia?"

Binti aligeuza macho kwenye skrini, ilipokuwa nukta.

"Dada, ile ni yangu," Mchawi alisema, sauti imemshuka. "Nimeiweka mimi."

"Kwa nini pale?" binti alifoka. "Nafasi kibao, ukapaona pale tu?"

"Kwa sababu swali liko pale. Kama chombo hakiwezi kuiona pale, tutabishana mpaka tuzeeke sote."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma binti zaidi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee hakuwa amesogea hata hatua.

"Uliipa mwanga kiasi gani?"

"Uleule ulioandika wewe kwenye ripoti yako, Mzee. Sikuzidisha hata kidogo."

"Na chombo kikaiona."

"Bila kusita."

Mzee akakaa, taratibu, kama anayeogopa kiti kitamkimbia. Binti akamwinamia. "Baba, twende nyumbani. Tutapiga picha nyingine. Huenda..."

"Hizo 'huenda' nimezila maisha yangu yote, mama. Zimenitosha." Akamwangalia Mchawi. "Itoe."

Mchawi akabonyeza. Nukta ikazimika, na pale ilipokuwa pakabaki giza safi, lisilo na chembe ya mwanga uliovuja. Giza lile lilikuwa kazi ya mikono ya binti. Kwa miaka alilihangaikia ili liwe safi kiasi hicho. Sasa lilimtazama usoni, na hakukuwa na kitu ndani yake: sayari ya Mzee ingekuwapo, chombo hiki kingeiona.

"Kazi nzuri," Mzee alisema. "Sisi hatukuwa na chombo kama hiki."

"Nisamehe, Baba. Nimekuvalisha suti bure."

"Suti nimevaa mwenyewe. Usinifanye mtoto."

Lakini hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, kisha akakivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Mwanangu," akamwambia Mchawi, "irudishe kidogo."

"Lakini Mzee, si ya..."

"Najua si ya kweli. Irudishe."

Nukta ikawaka tena, ndogo, imetulia kando ya nyota yake. Binti akavuta kiti, akakaa karibu na baba yake, bega kwa bega.

"Kumbe ingekuwa hivi," Mzee alisema.

"Ndiyo, Baba. Ingekuwa hivi."

Mchawi alibaki na mkono juu ya kipanya, akingoja kuambiwa aitoe. Hakuna aliyemwambia.