Mchoro wa Mtahiniwa wa Kumi na Tatu

Kosa lilikuwa la fundi wa karakana, na hakuna aliyemkamata, alijikamata mwenyewe. Asubuhi ya siku ya matokeo alikuwa anafagia vumbi la chuma chini ya meza, akaokota karatasi aliyoichora kwa mkono wake wiki iliyopita, akaitazama, kisha akakaa juu ya kopo la rangi kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Chini kulia, pale panapokaa kialama kidogo mfano wa faneli iliyolazwa, palikuwa peupe pe.

Kialama chenyewe ukubwa wake haufiki ukucha. Lakini ndicho kinachokwambia mchoro unasomwaje. Chuo cha ufundi wanasoma kwa njia yao, chuo kikuu kwa njia yao: ubavu uliochorwa kulia, kwa hawa ni ubavu wa kulia, kwa wale ni wa kushoto. Ukikosea njia, kitu kinatoka kimegeuka. Vipimo vyote sawa, lakini ni kiatu cha kushoto kwa mguu wa kulia. Mistari ya nukta nukta, ya kuonyesha kilichofichika nyuma, ingemwokoa msomaji, ila mkuu wa idara, aliyetunga mtihani, haitaki. Husema injinia aone kwa akili.

Ilivyokuwa ni hivi. Nakala za mchoro wa mtihani, wa kuchonga kipande cha chuma, zilishuka karakana zikiwa kumi na mbili, watahiniwa wakawa kumi na watatu. Wa kumi na tatu alikuwa binti aliyehamia kutoka chuo cha ufundi, jina lake likachelewa kuingia kwenye orodha. Fundi angeweza kupanda ghorofa ya tatu kuomba nakala nyingine. Lakini ghorofa ya tatu ndiko aliko mkuu wa idara, na kumwomba mkuu kitu ni kama kumwomba kinyozi akurudishie nywele. Basi akachora yeye, kwa rula na penseli kali, akitazama nakala ya karakana ambayo pembe yake moja ilikuwa imelowa grisi hadi ikawa nyeusi. Kilichoonekana akakinakili. Kisichoonekana hakukikumbuka. Na alivyojisikia fahari! Alimkabidhi yule binti akamwambia wenzake wamepewa fotokopi, yeye amepewa picha ya kutundika sebuleni.

Binti alicheka siku hiyo. Darasani walimwita Mama Geti, maana kabla ya chuo alikuwa mchomeleaji wa mageti, na hata sasa kila Jumamosi alishika tochi ya kuchomelea ili mdogo wake aende shule. Fundi walimwita Mjomba Tupa, kwa wembamba wake na kwa sababu maneno yake husugua bila kukata. Yeye naye ni mtu wa diploma, mtoto wa mfua mashuka ya hospitali, kwa hiyo hao wanaohamia kutoka vyuo vya ufundi aliwaona ni wanawe. Aliwatafutia buti zilizoachwa na waliohitimu. Aliwafungulia karakana siku za mapumziko. Wanafunzi walioanzia mwaka wa kwanza waliwaita wahamiaji haramu, na yeye aliwajibu kwamba hata bomba la maji lina maungio, wala maji hayanung'uniki.

Ila ufadhili wa watoto wa familia zisizojiweza ulikuwa wa miaka miwili tu, wa tatu na wa nne. Mtihani huu wa vitendo ndio uliompitisha mhamiaji kuingia mwaka wa tatu. Ukishindwa, unarudishwa mwaka wa kwanza, na ufadhili hauna mwaka wa kwanza. Yaani unarudi kwenye mageti. Orodha ingebandikwa saa kumi alasiri.

Binti aliingia saa nne kurudisha buti. Alikwisha kuambiwa kipande chake kimepewa sifuri kwa umbo: aliusoma mchoro kwa njia ya chuo cha ufundi, na kidato kilichotakiwa nyuma kikatoka mbele. Aliziweka buti mezani, amezisafisha, kamba amezifunga vizuri, na hilo lilimuuma fundi kuliko matusi. Akamwonyesha karatasi. Akamweleza yote, pembe, grisi, uvivu wa ngazi, bila kujipaka mafuta.

Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuuliza huu mchoro uko sawa," alisema. "Ukaniambia ukikosea, wewe utakula chuma. Chuma kile pale. Anza."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, fundi hakutafuta mzaha. Akamwambia, mwanangu, ninapanda juu sasa hivi nikaseme. Binti akamjibu kwamba yeye si mwanawe. Mama yake yupo nyumbani na hajui kuchora, afadhali yeye.

Ghorofa ya tatu mkuu wa idara alikuwa anakata karatasi za matokeo kwa mkasi, pembe zilingane. Hakumwambia fundi akae. Fundi akasimama akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mkuu alivyozidi kutulia, mpaka akaweka mkasi chini.

"Kwa hiyo umemchorea mtahiniwa wangu mtihani kwa mkono wako."

"Nimenakili, profesa."

"Umemsaidia."

"Nimemharibia. Kama huo ni msaada, adui atafanya nini?"

Mkuu hakucheka. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa na baridi ya chumba cha maiti, kwamba tangu mpango huu uanze alionya. Nyumba ina mlango, miaka minne. Hawa wanapitishwa dirishani, halafu wenye diploma wanawashikia pazia. Akachomoa fomu droo ya chini. Kuna mawili, alisema. Fundi akinyamaza, binti amefeli, basi. Fundi akitaka kuandika maelezo, aandike, lakini mchoro ulioguswa na mtu asiyeruhusiwa unaitwa udanganyifu, na kwa udanganyifu mtu haendi mwaka wa kwanza, anatoka getini moja kwa moja. Fundi akaomba binti apewe chuma kingine, asimamiwe na yeyote, hata na mkuu mwenyewe. Mkuu akarudi kwenye mkasi wake. Alisema taratibu hazina kifungu cha grisi.

Fundi alishuka na fomu mkononi. Alipofika karakana akasikia msumeno.

Binti alikuwa amevaa zile buti tena. Alikwenda kwa mmoja wa wale kumi na wawili, akaazima fotokopi safi, nayo ameibandika ukutani mbele yake. Kipande kipya cha chuma kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa na msumeno ulishaingia nusu. Fundi akasogea kushika upande mmoja kisitetemeke, kama alivyozoea.

"Usiguse chuma changu," binti alisema bila kugeuka. "Ukikigusa watasema umenisaidia. Na safari hii watakuwa wanasema kweli."

Fundi akamweleza ya ghorofani, fomu na vifungu vyake. Alidhani msumeno utasimama. Haukusimama. Binti aliuliza jambo moja tu, kama orodha bado haijabandikwa. Bado. Basi akaendelea.

Fundi akarudi kwenye kopo lake la rangi, mikono ameibana katikati ya mapaja. Huko ndiko kuteswa. Aliona tupa inaelemea kushoto, akauma ulimi. Aliona binti anatafuta keekee ya milimita nane kwenye boksi la milimita kumi, nayo iko pale pale chini ya kitambaa, akatazama dari. Wanafunzi wawili walipita na sahani zao za mchana, wakasimama mlangoni.

"Mama Geti, mtihani ulikuwa wiki iliyopita. Au huko kwenu kalenda nayo inasomwa kushoto?"

Mwenzake akacheka huku anatafuna. Fundi akainuka, akawaambia kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwamba hapa ni karakana, mwenye sahani ni mende. Wakaondoka wakinong'ona. Binti hakushukuru. Alisema tu kwamba fundi amenyamaza vizuri mpaka hapo, aendelee.

Saa kumi kasoro dakika kumi alipuliza vumbi kwenye matundu, akakizungusha kipande kwenye mwanga, akakifuta kwa upindo wa koti. Kidato kilikuwa nyuma, mahali pake. Fundi alikiona kwa mbali. Kwenye ngazi alijaribu kusema kwamba kipande kile ni kizuri kiasi cha kuombewa posa. Binti alipanda ngazi mbili mbili.

Mkuu alikuwa ameshasimama, orodha mkono mmoja, pini nne kwenye kiganja cha mkono mwingine. Binti alisalimia, salamu ikaanguka sakafuni. Akaweka kipande juu ya meza, kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake fotokopi yenye kialama chake chini kulia.

Fundi naye akaweka fomu. Alikuwa ameijaza akiwa juu ya kopo: kosa ni langu, mtahiniwa hakujua, nichukulieni hatua mimi. Ameweka sahihi, na tarehe, na cheo chake, na diploma yake.

Mkuu aliisoma fomu kuanzia juu hadi chini. Kipande hakukitazama. Alisema mbele yake kuna mtu aliyekiri na mtu aliyetumia karakana bila kibali, na kwamba wangefanya vizuri kumpisha, watu wanangoja orodha ukutani.

Hawakumpisha. Fundi alisimama upande wa mlango, mwembamba hivyo hivyo, akauziba. Jasho la binti lilidondoka juu ya karatasi nyeupe, karibu na chuma. Akakisogeza kile kipande mbele kwa kidole kimoja, mpaka kikagusa mkono wa mkuu wenye pini.

"Sitaki msaada," alisema. "Naomba upime."

Nje kengele ya saa kumi ikalia, ikamaliza. Mkuu alikuwa anatazama mlango. Binti akasema tena, polepole zaidi.

"Profesa, pima tu."