Fundi Koki na Mrija wa Kifuani

Kwa miaka thelathini Fundi Koki hakuwahi kuona bomba linavuja akalinyamazia. Sasa alikuwa amelazwa wodi ya saratani, na kilichovuja kilikuwa chake mwenyewe: mrija mwembamba uliopitia kifuani hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Tone moja tu, kwenye maungio. Mtu mzima na heshima zake atavumiliaje jambo kama hilo?

Akachomoa mfukoni utepe wake mweupe wa kuzibia mabomba, akauzungusha mara saba. Akisikia muuguzi anakuja, anaubandua mwenyewe na kuuficha. Muuguzi akiondoka, anauzungusha upya. Alijiona bingwa kwelikweli.

Siku ya tatu alitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Homa ilifika thelathini na tisa na nusu.

"Mzee, kuna mtu kaugusa huu mrija?" aliuliza muuguzi.

"Nani auguse?" Shuka tayari ilikuwa kidevuni.

"Nisikilize. Dawa za saratani zimemaliza chembe nyeupe za damu, ndio walinzi wako. Dawa za bakteria umetumia wiki mbili, kwa hiyo fangasi wamepata nafasi. Na mrija huu ni mlango wa kuingia kwenye damu. Wakiingia humo, watu hufa. Tukijua mapema tunautoa na kuanza dawa leo hii. Nauliza tena."

Fundi Koki aliogopa kufa, lakini kuchekwa aliogopa zaidi, na huo ndio ujinga wake.

"Baba watoto," alidakia mkewe aliyeketi kando ya kitanda, "kile kibao unachogongomea kwenye nyumba za wateja kinasemaje?"

Alikijua vizuri, alikiandika mwenyewe: USIGUSE. MWITE FUNDI.

Akashusha shuka taratibu. "Ni mimi. Lakini ulikuwa unavuja!"

"Ulikuwa unavuja," alisema muuguzi, "na hukuniita?"

Hakucheka hata kidogo. Ingekuwa afadhali angecheka.

Mrija ulitolewa ndani ya saa moja. Damu ilipopimwa, fangasi walikutwa kweli, ila dawa ilikuwa imeshawatangulia. Homa ilimsumbua wiki nzima ndipo ikamwachia. Akawekewa mrija mpya, na mkewe akaja na kibao kutoka nyumbani, akakitundika juu ya kitanda, wodi nzima ikasoma na kucheka.

Siku ya pili, tone likachungulia kwenye maungio. Mkono wa Fundi Koki ukainuka wenyewe, ukafika kifuani, ukasita. Kisha ukaenda kwenye kengele.

Muuguzi alikuja mbio.

"Fundi," alisema mzee kwa unyenyekevu, "njoo uangalie. Unavuja."